Aliye Juu ya Mnazi Sharti Aimbe

Mdogo wangu Kaitira ni mgema, na hapa kisiwani kwetu Nonouti mgema akipanda mnazi sharti aimbe. Haimbi kwa furaha. Anaimba ili wanawake wanaooga visimani, nyuma ya viwambo vya makuti, wajue kuna macho juu. Mgema bubu huhesabiwa mchunguliaji. Wanasema mgema akisifiwa tembo hulitia maji, kwa hiyo yeye simsifu. Namsifu mkewe, Botika.

Kaitira ukigombana naye hupati neno, tangu utoto. Sauti ikipanda kidogo tu, mdomo unafungwa, macho yanahamia baharini, kisha anachukua kisu na chupa zake, huyo, juu ya mnazi. Mwaka wa kwanza wa ndoa Botika alikuwa akisimama chini na kumfokea mpaka kuku wanakimbia. Mimi wifi yake nilimsaidia, maana sauti ninayo. Alivyozidi kufokewa ndivyo alivyozidi kukaa huko, na akishuka alinuna siku tatu. Ugomvi wa kijiko cha sukari ukawa wa wiki nzima.

Siku moja akapanda kwa hasira bila kuimba. Jirani yetu Mwaerere alikuwa kisimani, amekwisha kujimwagia kata ya kwanza. Akainua uso, akaiona miguu ya mdogo wangu inaning'inia juu ya kichwa chake. Ukelele aliopiga! Kaitira aliitwa na wazee kwenye jumba la mkutano, akaomba radhi kwa kikapu cha magimbi na samaki, na kijiji kizima kikacheka wiki mbili.

Nilidhani Botika atakufa kwa aibu. Badala yake aliketi naye kwenye ulingo wa nyumba yao, nami nipo, akasema bila kupandisha sauti:

"Baba Tioti, Mwaerere akioga ana haki ya kujua kama uko juu. Mimi mkeo sina?"

Kaitira akaitazama miguu yake.

"Sikukatazi kupanda. Maneno yakikusonga, nenda. Sitakufuata wala sitapiga kelele. Lakini uimbe, nijue hujaniacha. Ukishuka, kikombe cha kwanza uniletee mimi, tukae, tumalize. Ukipanda bubu tena, nachukua watoto nakwenda kwa mama, kisiwani Tarawa. Sikutishi. Nakuarifu."

Akaitikia kwa kichwa.

Mimi nilicheka. "Wifi, utamfundisha mwanamume kuimba kama kasuku?"

"Simfundishi yeye, dada. Najifundisha mimi kunyamaza. Hiyo ndiyo kazi."

Na kazi ilikuwa kweli. Wakigombana, mume akipanda, Botika alikaa chini akasuka mkeka, midomo ameibana, akivuta majani kwa hasira mpaka mkeka ukapinda. Ninao mkeka huo, nimeuomba, na silali pengine. Juu Kaitira anaimba vibaya, chini mkewe anasuka vibaya, na jioni wanakula pamoja. Miezi ikapita hivyo, nami nikaacha kucheka.

Halafu ikaja habari ya barua ya kazi. Botika aliisikia dukani, kinywani mwa muuzaji: mumewe ametia sahihi kwenda Australia kuchuma matunda, miezi saba. Alirudi saa ya kugema tembo la jioni, mimi nakuna nazi kwao.

"Umetia sahihi?"

Kaitira akageukia chupa zake.

"Miezi saba, Baba Tioti! Nasikia dukani kama mpita njia?"

Macho yakaenda baharini. Akachukua kisu, akapanda.

Hakuimba.

Nilingoja. Nikasikia kisu kikikwangua karara, basi. "Wifi, mfokee!" nikasema. "Mtupie hata jiwe, ashuke!"

Botika hakunijibu. Alikwenda kwenye kamba ya nguo, akaanza kuanua nguo za watoto, moja moja, akizikunja. Zile za kuchezea na zile za safari. Meli ya Tarawa ilikuwa inaondoka keshokutwa. Mimi ndiye niliyemlea Kaitira, na mimi ndiye niliyekuwa nikimfokea chini ya minazi alipokuwa mdogo. Sikuwahi kumuuliza anaogopa nini huko juu.

Kutoka kisimani Mwaerere akaita, "Jamani, kuna mtu juu?"

Nikafungua mdomo nimjibu. Botika akanishika mkono.

"Mwache. Ana mdomo wake."

Nguo zikabaki tatu. Zikabaki mbili. Ameshika shati la mwisho, la Tioti, ndipo sauti ikatoka kwenye makuti. Mdogo wangu hajui kuimba, hilo si siri. Alianza wimbo wa kanisani wanaofundishwa watoto, akasahau mstari wa pili, akarudi mwanzo, akasahau tena, akaendelea hivyohivyo. Botika aliketi chini na nguo mapajani, akalia. Nami nililia, sifichi.

Kaitira akashuka. Akamimina tembo tamu kikombeni, likamwagika nusu, akampa mkewe.

"Nilitia sahihi," akasema. "Niliogopa utasema nisiende." Akaiweka chupa chini. "Halafu nikaogopa zaidi utasema nenda tu."

Sijawahi kumsikia akisema maneno mengi hivyo kwa mkupuo mmoja. Botika alikunywa kikombe chote, akafuta mdomo.

"Nimekusikia. Sasa kaa hapa. Ni zamu yangu kukasirika, na ninayo mengi."

Akakasirika kwelikweli. Kaitira alikaa, ameikumbatia nguzo ya ulingo kwa mikono miwili kama mtu aliye juu anayeogopa kuanguka, akamsikiliza mpaka mwisho.