Mahudhurio ya Uwanja wa Treila

Gelasius hakuwa na gari, hakuwa na mke tena, na meno matatu ya mbele hakuwa nayo. Hakuwa na mtoto aliyemjibu kwa Kiswahili. Hakuwa na ardhi, hata ile iliyokuwa chini ya kitanda chake: treila namba kumi na nne, nyumba yake ya magurudumu, ilikuwa mali yake halali, lakini kiwanja ilipokaa kilikuwa cha kampuni, naye alikikodi kwa mwezi. Alichokuwa nacho ni cheti cha sekondari, alichokipata akiwa na miaka hamsini na tisa. Kwa majira manne ya baridi alitoka kiwandani jioni akapanda basi moja kwa moja hadi darasani, mafuta ya mashine yakiwa bado kwenye kucha.

Kwa ajili ya cheti hicho, majirani zake walimwita Mwalimu. Uwanja wao wa treila ulikuwa Kanada, kaskazini mwa jiji, mbele ya makutano ya barabara za Jane na Finch, na familia kumi na moja kati ya zilizokaa pale zilitoka Burundi, Kongo na Tanzania. Walimletea barua za benki, za hospitali, za shule. Alivaa miwani, akasoma mpaka mwisho, ndipo akawaeleza. Hakuwahi kumwambia mtu, "Hili silielewi."

Oktoba 2012 kampuni iliziita familia hizo kumi na moja kwenye chumba cha kufulia nguo. Kijana mmoja mwenye tai alileta kahawa na donati, akazungumza nusu saa juu ya mabomba yaliyooza. Mwishoni akaweka bunda la karatasi mezani. Kila karatasi ilikuwa na maandishi madogo juu, na chini nafasi ya jina, namba ya kiwanja, tarehe na saini.

Huko Kagera alikokulia Gelasius, kikao kisicho na mahudhurio hakikuhesabiwa kuwa kikao, kiwe cha ushirika au cha parokia. Wenzake waliopitia kambi za wakimbizi walijua zaidi: asiyeandika jina hakupata unga. Kwa hiyo hakungoja kuambiwa. Alizichukua karatasi, akasimama.

"Ndugu zangu, mtu asitoke bila kuandika mahudhurio! Donati hazikimbii."

Watu wakacheka, wakaandika. Kijana alimtazama mzee akigawa, akafungua mkoba na kumwongezea kalamu.

Baada ya majuma mawili kila mmoja alipata amri ya Baraza la nyumba, lile linaloamua kesi za wapangaji: aondoke kabla ya tarehe thelathini Novemba.

Gelasius alikwenda kwenye kituo cha msaada wa sheria pamoja na Spéciose wa namba tisa, mjane wa Kirundi, mama yake Amandine, aliyefanya usafi katika nyumba ya wazee. Wakili aliitwa Shamina. Alizaliwa Unionville, huko huko Kanada, na Kiswahili alikipata jikoni kwa bibi yake aliyetoka Tabora.

"Mzee, sheria iko upande wenu," alisema. "Kampuni ikitaka kufunga uwanja wa treila, inatoa notisi ya mwaka mzima. Hata mwaka ukiisha, wa kumtoa mtu ni Baraza peke yake, tena likishamsikiliza. Lakini ninyi mmesaini kwamba mnaondoka kwa hiari. Ndiyo maana hamkuitwa."

"Tuliandika mahudhurio," alisema Spéciose.

"Ombi la kufuta amri nalipeleka leo, maana tumepewa siku kumi tu. Baraza litataka kujua: nani aliwaambia ni mahudhurio?"

"Kijana wa kampuni," alijibu Gelasius haraka.

Shamina akaandika. Spéciose akafunga koti lake, akatangulia hadi kituo cha basi.

"Mwalimu, yule kijana hajui hata 'jambo'."

"Mama Amandine, tukisema ni mimi, watatuona wajinga."

"Mimi mjinga tangu zamani, na hakuna aliyenifukuza kwa hilo. Nafukuzwa kwa kumwamini msomi." Alipandisha sauti, kijana mmoja aliyengoja basi akaondoa vidude vya muziki masikioni. "Yule wa kampuni ataulizwa. Atasema, sikufungua mdomo, mzee wao ndiye aliyegawa. Na itakuwa kweli! Tukishaonekana waongo, nani atatusikiliza tena? Treila yangu ina miaka arobaini. Fundi amesema ukiivuta inapasuka katikati, na hakuna uwanja utakaoipokea. Sasa niambie, hiyo heshima yako nitailalia?"

Basi likaja. Spéciose akakaa mbele, yeye akakaa nyuma.

Kesho yake Gelasius alimpigia Shamina simu kwamba maelezo ya jana ayafute. Kisha akakaa mezani kuliandikia Baraza. Barua ya kwanza ililaumu taa za chumba cha kufulia. Ya pili ililaumu udogo wa maandishi. Zote ni kweli, na zote akazichana. Ya tatu akaenda nayo namba tisa, akamsomea Spéciose kwa Kiswahili, akiwa amesimama mlangoni kwa kuwa hakukaribishwa ndani.

"'Mwakilishi wa kampuni hakusema kwamba ni mahudhurio. Nilisema mimi. Najua kusoma Kiingereza, na siku ile sikusoma hata mstari mmoja. Majirani zangu walisaini kwa neno langu. Hakuna aliyekubali kuondoka, kwa sababu hakuna aliyejua kwamba anaulizwa.'"

"Ongeza kwamba nilikuuliza."

"Uliniuliza nini?"

"Umesahau! Nilikuuliza mbona kila mtu ana karatasi yake, wakati mahudhurio ni karatasi moja inayozunguka. Ukaniambia mbele ya watu wote, 'Mama, hii ni Kanada, karatasi wanazo nyingi.' Wakanicheka."

Gelasius alikumbuka. Aliegemeza barua kwenye ukuta wa treila ya Spéciose akaandika hayo yote, na neno "wakacheka" pia.

"Nikusomee tena?"

"Sitaki. Funga."

Alilamba gundi mbele ya macho ya Spéciose, akabana bahasha kwa kidole gumba, akatembea hadi kaunta ya posta iliyo ndani ya duka la dawa. Binti wa kaunta alimwuliza kama anataka ya kawaida au ya haraka.

"Ya haraka," alisema Gelasius, akaisukuma upande wa pili.