Mama Mkwe Chini ya Turubai

Siku ya kwanza ya kazi, Mabonga alipiga pasi mpaka soksi. Miaka sita alikuwa amevuta miwa kwa trekta kule Bungoma, na sasa kampuni moja ya kuhamisha watu hapa Eldoret ilikuwa imempa siku moja tu ya majaribio. Ahamishe nyumba moja kwa lori, mteja akiridhika, kazi ni yake. Asiporidhika, arudi alikotoka, na huko trekta lilishauzwa, na nyumbani mkewe Brigid ananyonyesha.

"Tunatoa mama mmoja mtaani Munyaka, tunampeleka Burnt Forest," alisema msimamizi wake, Kigen, akiketi kando yake. Nyuma walipanda wabebaji wawili, Kimutai na Maurice. Mabonga akaendesha kama aliyebeba mayai.

Walipokata kona ya mwisho, lango la bluu likatokea. Lango hilo alilijua. Brigid alikuwa amemwambia kwamba mama yake atahama mwisho wa mwezi, na leo ilikuwa tarehe ishirini. Nani alimharakisha huyu mama, jamani?

Kama hujaoa kwa Wabukusu, wacha nikueleze. Mkwe hamshiki mama mkwe mkono. Haketi karibu naye. Chumba chake cha kulala hata kukichungulia ni mwiko, na kitanda chake ndiyo usiseme. Sasa huku dereva wa kuhamisha watu anatakiwa aingie kila chumba, apime mzigo, aseme kipi kitangulie. Na kinachotangulia ni kitanda.

Mama alipotoka na kumwona kwenye usukani, alijitupia leso kichwani akarudi ndani mbio. Mabonga naye akainamisha uso. Mpaka hapo wote wawili walikuwa na adabu zao. Kilichobaki ni mdomo kufunguka tu: huyu ni mama mkwe wangu. Maneno matano! Lakini mwanamume aliogopa. Alijiambia Kigen ataita dereva mwingine, na huyo mwingine ndiye atakayeandikwa. Mficha uchi hazai, na yeye akauficha.

"Ingia upime mzigo," Kigen alimwambia.

"Mgongo umenishika, boss. Hawa vijana wanajua."

Kitanda kilipopitishwa mlangoni, Mabonga aliangalia mawingu. Kigen alimwangalia yeye.

Mambo yaliharibika wakati wa kuondoka. Mteja asiye na gari huketi mbele na dereva, ndiyo kawaida. Mama alikuja mpaka karibu na lori, akasimama uso umeelekea ukuta.

"Hapo siketi. Nitakaa nyuma na vitu vyangu."

"Mama, mvua inakuja," Kigen alisema.

"Nimesema nyuma."

Kigen akamsogelea Mabonga, akamnusa mdomo bila haya. "Umekunywa? Huyu mama anakuogopa nini? Mmekosana? Unamjua?"

Na mama alikuwa pale pale, hatua tatu, masikio wazi.

"Simjui," Mabonga alisema. "Sijawahi kumwona."

Haki ya Mungu, ulimi hauna mfupa! Maurice alimshika mama mkono, mama akapanda, akaketi kwenye godoro lake chini ya turubai, kati ya meza na masufuria. Mwanamke aliyemzalia mke, amepakiwa pamoja na viti.

Mvua iliwakuta kabla ya nusu ya safari. Mabonga hakuwahi kuendesha vizuri hivyo maishani mwake. Kila tuta alilipanda polepole, maana alijua nani anarushwa huko nyuma. Aibu ilimkaa kifuani. "Kumbe unajua gari," Kigen alimsifu, na sifa hiyo ikamchoma kuliko tusi. Mara mbili alifungua mdomo. Mara mbili akaufunga.

Burnt Forest, mama alishuka akitetemeka, leso imelowa chepechepe. Vitu viliposhushwa vyote, Kigen alimpa karatasi ya mteja. "Mama, dereva ameendeshaje?"

"Vizuri sana. Hata kikombe hakikuvunjika. Mpeni kazi." Akatia sahihi, akaingia ndani, asigeuke.

Kigen akampa Mabonga mkono. "Umepita, bwana. Kesho saa moja uwe ofisini."

Mabonga hakuuachia mkono ule. "Boss, yule ni mama mkwe wangu."

Kigen aliuachilia mkono. "Na ukanyamaza? Si ungesema tu! Ningeshika usukani mimi, wewe ukae nyuma na Maurice, majaribio tufanye kesho. Unadhani sisi hatuna wakwe?"

Mabonga alivua kofia. "Ingia kwake unisemee, tafadhali. Mimi siwezi kuingia. Mwambie nimekosa, naomba msamaha."

Kigen akaingia. Mabonga akabaki kwenye tope, kofia mkononi, wabebaji wakimtazama na kutazamana. Kigen alipotoka, hakumwangalia usoni.

"Nimemwambia mkwe wake anaomba msamaha," alisema. "Amenisikiza vizuri tu. Halafu akasema mkwe wake ni mtu wa heshima, hawezi kumwacha nyuma ya lori kwa mvua na kusema hamjui. Anasema lazima nimekosea mtu."