Ngozi kutoka Mabawe

Watu walipokuja kutupongeza kwa kununua nyumba, mimi nilikuwa naogopa. Walikaa sebuleni kwetu Nyamiaga, wakagonga kuta, wakasifu bati na madirisha ya vioo, na mume wangu Derick akawazungusha chumba kwa chumba mpaka chooni. Mimi niligawa chai huku nikijua kwamba ndani ya nyumba ile nzuri hamkuwa na hata hela ya panadol. Akiba yote ilikuwa imekwenda: ya kikoba, ya kahawa, na ya mbuzi wote tuliokuwa nao.

Na nilikuwa mjamzito. Binti yetu Keza alizaliwa kwa upasuaji, nusura nife, na kilichoniokoa ni kwamba akiba ilikuwepo. Gari lilipatikana hapo hapo, damu ikapatikana, dawa zikapatikana. Safari hii muuguzi wa kliniki aliniambia mapema kwamba nitapasuliwa tena, nisithubutu kusubiri uchungu nyumbani. Niliitikia kwa kichwa tu. Nilikuwa nikijiona nimelala hospitalini mikono mitupu, na Derick yuko nje anawapigia simu watu wasiopokea.

Nikamwambia tuanze akiba upya kabla ya kitu kingine chochote. Alikubali, lakini mume wangu na nyumba yake walikuwa kama maharusi. Akitoka kazini kwake mjini Ngara, anakotengeneza simu, alifuta vioo kwa leso kabla hata ya kunisalimia. Hela ikilala ndani, kesho yake imekuwa rangi ya ukuta au mfereji wa kukinga maji ya mvua. Nikaona dawa yake ni moja. Kila faida niliyopata kwenye dagaa wangu sokoni niliigeuza mbuzi, maana mbuzi hapakwi ukutani.

Kiwanja chetu hakina malisho, hivyo mbuzi tulimwachia baba mdogo Protasi, mdogo wake marehemu baba yangu, anayeishi Mabawe. Makubaliano yalikuwa yale yale ya siku zote kwetu: wakizaa, mtoto mmoja wetu, anayefuata wake. Na mbuzi akifa, anayefuga humletea mwenye mali ngozi, na sikio lenye alama likiwa bado limeshikamana nayo, ili ijulikane kwamba kweli amekufa, hakuuzwa.

Mwanzoni aliwahi kuleta moja, ya mbuzi aliyeumwa na nyoka. Alisimama mlangoni, ngozi ameiviringisha kwapani, akakataa hata kuketi. Aliniambia pole, nami nikamwambia pole, nikaipokea. Tangu siku ile nikaanza kuiogopa njia inayokuja kwetu.

Waliobaki walizaa, na mimi nikaanza kupata usingizi. Halafu mvua zikaanza, na sokoni zikaja habari kwamba mbuzi wa Kanazi wanakohoa, wanatoka makamasi, wanaharisha, kisha wanakufa. Bwana mifugo akasema ni sotoka ya mbuzi, na mnada ukafungwa. Niliuza dagaa siku hiyo bila kujua nauza nini, mteja mmoja akanirudishia chenji niliyomzidishia.

Simu ya baba mdogo ilikuwa imeharibika. Ilikuwa ndani ya droo ya Derick dukani, fundi simu mzima, akiahidi kila wiki kwamba ataimaliza. Alisema basi aende Mabawe akaone, nami nikamzuia. Nilikuwa na hofu ya kijinga kwamba mbuzi ni wazima mpaka mtu aende kuwaangalia.

"Mzee angekuwa na lolote angekuja na ngozi," Derick alisema. "Hajaja. Maana yake wako salama."

Nikayashika maneno yale kwa mikono miwili. Kila nilipokuwa nyumbani nilisimama mlangoni na tumbo langu, nikiangalia njia, na kila siku iliyopita bila mtu nilimshukuru Mungu. Jioni moja nikaona mtu kwa mbali, amejifunika turubai kwa sababu ya manyunyu, kitu kimeviringishwa kwapani. Nilimvuta Keza ndani, nikafunga mlango, nikasukuma na komeo, kana kwamba komeo linazuia msiba. Keza akauliza ni nani anakuja.

"Hakuna mtu," nikamwambia.

Tulikaa kimya. Hakuna aliyebisha. Nilipochungulia dirishani njia ilikuwa tupu, nikajicheka, nikasema lazima alikuwa muuza mikeka. Usiku ule nililala vizuri kuliko siku nyingi.

Siku ya kwenda hospitali ilipokaribia, ikabidi tukachukue mbuzi wawili tuwauze hata bila mnada. Derick aliazima pikipiki, nikapanda nyuma taratibu, na Keza tukamwacha na mdogo wangu Happyness.

Nilijua kabla pikipiki haijazimwa. Boma la mbuzi halinyamazi vile. Vigingi vya kufungia mbuzi vilikuwa vimesimama safi, na majani yameota mahali ambapo kwato zisingeyaruhusu. Mke wa baba mdogo, mama Domisiana, alitoka jikoni. Nikamwamkia shikamoo, akaitika marahaba akiangalia chini. Baba mdogo alikuja nyuma yake, amekonda, akamsalimia Derick, kisha akafungua mlango wa chumba cha nje.

Ngozi zilikuwa zimewambwa ukutani, kubwa na ndogo, zetu na zake, kila sikio limegeuziwa upande wa mlango ili alama ionekane. Mama Domisiana akanishika, akanikalisha kwenye kigoda, na mtoto tumboni akapiga teke hadi nikalia.

Derick alikasirika, jambo ambalo mbele ya mkwe si la kawaida yake. Alimuuliza mzee kwa nini alikaa kimya.

"Sikukaa kimya," baba mdogo akasema. "Alipokufa wa kwanza kwa ugonjwa huu nilikuja siku ile ile. Nilifika hadi karibu na nyumba yenu. Nikamwona mwanangu mlangoni na tumbo lile. Aliponiona akamvuta mtoto ndani, akafunga. Nikasema, nikimpa ngozi hii nitamuua. Nikarudi."

Nilitaka kumwambia kwamba sikumtambua. Lakini ningemtambua, ningefunga vile vile.

"Wakati huo wangapi walikuwa bado wazima?" nikauliza.

"Wote waliobaki. Bwana mifugo alikuwa anachanja huku. Lakini mbuzi si wangu peke yangu, na chanjo ni hela. Nilitaka kwanza niwaulize ninyi."

Mzee alizitungua ngozi zetu, akazikunja moja moja, akazifunga kwa kamba ya mgomba. Nilimwambia abaki nazo, akakataa, kwa sababu makubaliano ni makubaliano. Nikazipakata njiani kote, zikinuka chumvi na moshi, zimebanwa kati ya tumbo langu na mgongo wa Derick.

Tulipopita maduka ya Nyamiaga, Derick, ambaye hakuwahi kuruhusu hata msumari upigwe kwenye ukuta wake, alisema tutapangisha vyumba vya mbele. Sisi tutahamia cha nyuma. Mpangaji akilipa kodi ya miezi sita kwa mkupuo, hospitali tutafika na kitu mkononi. Nikamuuliza, na asipopatikana mpangaji kabla ya siku yenyewe? Aliendesha tu. Nilihisi mgongo wake unatetemeka, nami nikaogopa zaidi, maana nilikuwa nimezoea kuogopa peke yangu.

Pikipiki tuliiacha chini kwa sababu ya tope, tukapanda kwa miguu, furushi likiwa kwapani mwangu. Keza alikuwa amesimama mlangoni akiangalia njia. Alituona. Nikamwinulia mkono, lakini yeye macho yalikuwa kwenye furushi. Akarudi nyuma, mlango ukafungwa, nikasikia komeo likisukumwa.

Tulisimama nje ya nyumba yetu tukabisha hodi. Tukamsikia Happyness akiingia ndani kutoka uani, akauliza ni nani anayebisha.

"Hakuna mtu," Keza akajibu.