Kibao cha Panda Hapa

Kundi lilikuwa limeshakunja kona ya kiwanda cha magodoro na kupotea, sisi watatu bado tunaburuta miguu kwenye ukuta wake. Wote walivaa fulana za bluu kama zetu, na wengine walikuwa wanakimbia kabisa, utadhani huko vilimani kuna mtu anagawa viwanja. Yalikuwa matembezi ya hisani ya kuchangia wodi ya watoto njiti. Unatoka mjini asubuhi, unavuka vilima, unafika uwanja wa mpira wa upande wa pili jioni, na waliokuahidi mchango wanautoa ukishafika.

"Waache waende," alisema Shemeji. "Presha ikiwa kubwa mwanzoni, bomba linapasukia mbele."

Shemeji ni mume wa marehemu dada yangu. Amekuwa fundi bomba maisha yake yote, na kustaafu hakukumwachisha kuongea kibomba. Mwaka uliopita alipasuliwa goti. Madaktari wanasema wamemwekea goti jipya. Yeye anasema wamebadilisha gasketi tu.

Goti hilo ndilo lililotufikisha pale. Binti yake, mpwa wangu, ni mfamasia wa hospitali ileile yenye wodi. Alikuwa ameshaamua kwamba baba yake hawezi tena kuishi peke yake kwenye nyumba yenye ngazi. Alimtengea chumba kwake, akanunua hadi mapazia. Shemeji hataki. Nyumba ile aliijenga na dada yangu, na kila bomba lililozama ukutani anajua linapita wapi. Walibishana mpaka majirani wakazoea. Mwisho binti akasema:

"Haya, Baba. Nenda kwenye matembezi yetu. Ukifika uwanjani kwa miguu yako kabla geti halijafungwa, sitakutajia tena habari ya kuhama. Ukipanda gari, Jumatatu naleta lori la vyombo."

Alidhani atakataa. Shemeji akaenda kununua viatu.

Mimi nilikuwa nimefikia kwake kwa muda, kwa maana sikai mahali. Mpwa wangu alinivuta jikoni, akaninong'oneza: "Mjomba, wewe ndiye mwenye miguu. Usimwache hata hatua." Nikamjibu alale usingizi, sehemu nilizopita mimi kwa miguu wengine wanazisikia redioni.

Wa tatu wetu alikuwa jirani, Mama Keki, muoka keki za harusi. Ni mwanamke mnene mwenye pumzi za kushangaza na mdomo usio na breki. Mgongoni alibeba begi lenye maandazi na chupa ya chai, na kila tukipanda kidogo alitaka tukae tulipunguze uzito.

Njia ilionyeshwa kwa tepe nyeupe zilizofungwa kwenye vichaka. Kilima cha kwanza tulikimaliza kwa soga, cha pili kwa kimya. Bondeni mbele yake njia iligawanyika, na pale pale kwenye mgawanyiko palisimikwa kibao kipya chenye herufi nyekundu: PANDA HAPA. Chini yake mshale ulielekeza juu, kwenye kijia chembamba kilichokwenda wima kama ngazi ya kufikia dari.

"Wametuwekea mpaka kibao," alisema Mama Keki. "Hawa watu wamejipanga."

"Mbona sioni nyayo?" nikauliza. "Watu wote wale wapite hapa wasiangushe hata karatasi ya pipi?"

"Wastaarabu hao. Si kama wewe uliyetupa ganda la ndizi darajani."

"Na tepe?"

"Shemeji," akaniambia fundi bomba, "maandishi ni maandishi. Panda hapa. Ulitaka waandike nini tena, tafadhali?"

Tukapanda. Sitatia chumvi: kuna mahali tulikwenda kwa mikono. Shemeji alitangulia ili tusimwone uso, lakini nilimsikia akihesabia goti lake hatua kama mtu anayembembeleza mtoto ale. Mama Keki alimsukuma kiunoni, akawa anaomba radhi kwa marehemu dada yangu kila anaposukuma.

Juu kabisa palikuwa tambarare. Mwanamume mmoja mwenye buti za mpira alikuwa amekaa juu ya ndoo iliyopinduliwa. Alipotuona akasimama kama mtu aliyetolewa kifungoni.

"Hatimaye," akasema. "Nimewangoja tangu asubuhi. Nyinyi ndio wa kupanda?"

"Ndio sisi," Shemeji akajibu huku anahema.

"Watatu tu?"

"Wenzetu wametangulia."

"Mbona sijawaona? Wameshapanda?"

"Watakuwa wamepanda zamani. Wale wanakimbia."

Yule bwana akageuka, akatazama nyuma yake. "Wamepanda wapi, mzee wangu? Mashimo yote haya matupu."

"Habari za mashimo hatuzijui. Sisi tumepanda kwa hii njia hapa."

"Mmepanda njiani?" Sauti ilimpanda. "Miche ya watu mmeipanda njiani?"

Mama Keki ndiye aliyeona kwanza. Kivulini nyuma ya ndoo, miche ilikuwa imepangwa kwenye vifuko vyake vyeusi, safu kwa safu. "Jamani," akasema taratibu, "ni kupanda kwa jembe." Kisha akaketi kwenye nyasi akacheka mpaka akashika mbavu.

Bwana Miti, ndivyo tulivyombatiza, alikuwa anangoja kikundi cha vijana walioahidi kuja kupanda miti. Hawakutokea. Njia yetu, alisema, ilizunguka mguu wa kilima, tepe zinaendelea nyuma ya jiwe kubwa, hatua chache tu kupita kibao. Akatuonyesha uwanja. Ulikuwa ng'ambo, mdogo kama leso, na mahema meupe. Jua lilikuwa limeshaanza kutuacha.

Hapo hakuna aliyecheka. Kurudi tulikotoka kulimaanisha geti tungelikuta limefungwa.

"Kuna korongo hapa," alisema Bwana Miti. "Linakutoa barabarani moja kwa moja. Ila ni la mbuzi."

Shemeji alilichungulia korongo. "Maji yanashuka hapa?"

"Mvua ikinyesha, yanashuka."

"Basi na mimi nitashuka."

Alishuka kwa makalio sehemu kubwa, mguu wenye goti ameunyoosha mbele kama mpini wa toroli. Mimi nilishuka nimesimama, kwa madaha, nikimwelekeza pa kukanyaga. Nilikuwa katikati ya neno "polepole" jiwe liliponitoka chini ya mguu. Kifundo kililia. Nilipojaribu kukikanyagia nikaona nyota mchana.

"Mwenye miguu kaanguka," alisema Mama Keki.

Walinishusha wao. Shemeji upande huu, Mama Keki upande ule, na mimi katikati narukaruka. Goti la Shemeji lilikuwa limeshavimba, suruali imekaza, lakini hakuniachia. Tulipotokea barabarani tulikuta pikapu ya waandaaji inazoa waliochoka.

"Pandeni, wazee wangu," dereva akasema. "Pale wanafunga sasa hivi."

Walinipakia mimi. Shemeji akashika ubao wa nyuma wa gari, akabaki ameushika. Jasho lilikuwa limemkauka usoni likaacha chumvi.

"Nisipopanda," Shemeji akamuuliza dereva, "utanifanya nini?"

"Siruhusiwi kukuacha barabarani."

"Usiniache. Nifuate."

Dereva akapiga simu, akamweleza mtu kwamba ana mzee mbishi. Kisha akatia gia ya kwanza. Tukaenda hivyo: Shemeji mbele anachechemea, Mama Keki kamshika mkono, gari nyuma linanguruma, na mimi nyuma ya gari nimekaa kama bibi harusi, natoa maelekezo ambayo hakuna aliyeyasikiliza.

Jua lilizama tukiwa bado hatujafika. Nikasema moyoni, lori linakuja Jumatatu. Shemeji naye alijua, maana alianza kumwambia Mama Keki ni funguo zipi za nyumba atamwachia.

Tulipokunja kona ya mwisho, mahema yalikuwa yameshateremshwa. Geti la chuma lilikuwa limesukumwa hadi karibu kabisa. Katika uwazi uliobaki alisimama mpwa wangu, bega moja limebana geti, anagombana na mlinzi.

"Dada, muda umepita," mlinzi alikuwa anasema. "Sheria ni sheria."

"Geti limefungwa?"

"Wewe ndiye unalizuia."

"Basi halijafungwa. Baba yangu yuko pale, humwoni?"

Shemeji alipita pembeni yake bila kusimama, akaingia mpaka ndani ya mstari mweupe, ndipo akageuka.

"Umenishikia geti," akasema.

"Nilikuwa nimeegemea," binti akajibu. Akapiga magoti palepale, akaanza kumfungua kamba za viatu, na kwa muda mrefu hakuinua uso.

Goti lilichukua wiki kadhaa kurudi umbo lake, na daktari alimsema Shemeji kama mtoto. Wodi ilipata mashine za joto. Mama Keki alirudi kilimani na binamu zake wakamsaidia Bwana Miti kupanda. Nusu ya miche ilikauka, nusu ikashika. Shemeji anaishi kwenye nyumba yake, kitanda kimeshushwa chini. Mapazia yale mpwa wangu aliyatundika sebuleni kwa baba yake, na huja kila Jumapili. Mimi nilingoja kifundo kipone, nikaondoka.