Ngozi ya Kalisiamu

Watu wa Nyamianda wakisikia neno "nucléaire" wanaona vitu viwili tu, bomu na utajiri. Mimi nafundisha fizikia ya kiini cha atomu, ile ya karatasi na kompyuta, na maishani mwangu sijawahi kushika hata punje ya uranium. Hata hivyo haupiti mwezi bila mtu kunigongea mlango akiwa na jiwe ndani ya kopo la maziwa ya unga. Wa mwisho alikuwa Cyprien, jirani yangu, ambaye ndiye hunipeleka kazini na kunirudisha kwa pikipiki yake.

"Prof, hii iko nzito sana," alisema. "Weka mu mashine yako, ituambie ni nini."

"Cyprien, ile mashine ni ordinateur, ni kompyuta. Inahesabuka tu."

"Njo najua. Sasa ihesabu hii."

Nilimrudishia jiwe lake. Aliondoka akiamini kwamba namficha kitu, akapita kwa mama yangu aliyekuwa anachambua maharage uani, wakaongea kwa sauti ya chini kwa muda mrefu. Sikujali. Nilikuwa na maumivu mengine ya kichwa.

Maumivu hayo yalihusu Belyse, mwanafunzi wangu wa mwaka wa mwisho, binti wa wakulima wa Nyakabere. Ana akili kuliko mimi, na sisemi hivyo kwa adabu. Kazi yake ilikuwa juu ya kalisiamu, ile nzito, ambayo kiini chake kina nyutroni nyingi kuliko protoni, na zile za ziada zinajisukuma pembeni zikawa kama ngozi. Belyse alitaka kujua unene wa ngozi hiyo. Huku kwetu hakuna chombo cha kuipima, kwa hiyo inabidi kuihesabu, na hesabu yenyewe ni ndefu, kompyuta inasaga wiki na wiki. Chuoni umeme ni wa bahati nasibu, ndiyo maana mashine tuliiweka nyumbani kwangu, chumbani ninamolala, kwenye betri za sola.

Jumamosi Belyse alipaswa kutetea kazi yake mbele ya jury, jopo la walimu wanaotoa alama. Akipita, nafasi ya masomo ya juu Kinshasa ilikuwa yake. Akirudishwa kikao cha pili, arudie mtihani baadaye, nafasi ingekwenda kwa mwingine. Mwalimu wa kule alikuwa amelisema hilo bila kuzunguka.

Na hesabu ilikuwa inatambaa. Usiku ilikimbia vizuri, mchana ililegea. Nikirudi jioni nilikuta imesogea kidogo tu, mara nyingine imejizima kabisa na inabidi kuiwasha tena ianzie pale ilipohifadhi. Nililaumu betri. Nikabadilisha nyaya. Nikawalaumu waliotengeneza mashine, wazazi wao na ukoo wao wote. Mwishowe nikamlaumu Belyse, mbele ya wenzake.

"Kuna mahali umeandika ovyo. Programu nzuri haijui mchana wala usiku."

"Prof, nimeangalia tena na tena. Iko sawa."

"Basi jua ndilo lenye kosa."

Belyse alifungua programu yake akaanza kuiandika upya kuanzia mstari wa kwanza, akapoteza siku nyingi kutengeneza kitu ambacho hakikuharibika.

Alhamisi mvua ikatupiga tangu alfajiri. Hapa kwetu mvua ikinyesha asubuhi hakuna somo, na mwalimu anayefika anafikiriwa kuwa na ugomvi nyumbani. Nilifika, nikavifundisha viti kwa muda, kisha nikarudi kwa miguu, kwa sababu pikipiki ya Cyprien ilikuwa imekataa matope.

Niliingia chumbani nikichuruzika maji. Mashine sikuiona. Mahali pake palikuwa na kilima cha nguo, na juu kabisa blanketi langu. Chini ya blanketi kulikuwa na kitenge cha mama yangu cha sikukuu, kile cha wamama Wakatoliki chenye picha ya Bikira Maria, kimekunjwa mara nyingi ili kiwe kizito. Nilipoweka mkono, palikuwa pa moto kama sufuria iliyotoka jikoni. Sasa, kompyuta ikipata joto inajipunguza mwendo yenyewe ili isiungue, na joto likizidi inajizima. Hata mwanafunzi wa mwaka wa kwanza analijua hilo. Kikulacho ki nguoni mwako, walisema wahenga, na mimi nilikuwa nakitafuta kwenye programu ya mtoto wa watu.

Mama alikuwa amesimama mlangoni.

"Nani amefunika mashine?" nilimuuliza.

"Ni minye."

"Juu ya nini, Mama? Sababu gani?"

"Juu ya ile nucléaire. Cyprien anasema inatokaka bila moshi, inaingia mu mifupa. Weye ukienda kufundisha, inabaki inatoka yenyewe, inajaa mu chumba, halafu unakuja kulala mule. Njo maana naifunikaka. Nikisikia moto ya Cyprien, ile pikipiki, naifunua, ili ukute nyumba iko safi." Aliushika mkono wangu akaurudisha juu ya blanketi. "Sikia ile joto. Yote ile niliikamata."

"Juu ya nini haukuniuliza?"

"Nilikuuliza, mwana wangu. Zamani, wakati ulitoka masomo. Ulisema, Mama, hautaelewa."

Nilivuta blanketi nikalitupa sakafuni, na kitenge nacho. Nilikuwa na hasira ya kuvunja mlango, lakini hapakuwa na mtu wa kumkasirikia ambaye hakuwa ananipenda. Mama aliinama akaokota kitenge chake, akakipangusa vumbi. Nilimwambia kwa maneno makavu kwamba mashine inahitaji hewa. Hakuuliza tena kitu. Alikwenda jikoni akaleta pepeo la makaa, akakaa kwenye kigoda, akaanza kuipepea.

Aliipepea Alhamisi ile, aliipepea Ijumaa. Mashine ilikimbia mchana kama ilivyokimbia usiku, lakini muda uliopotea haurudishwi na pepeo.

Jumamosi Belyse alisimama mbele ya jury akaeleza kazi yake vizuri kuliko nilivyowahi kuieleza mimi. Rais wa jury akamuuliza namba ya mwisho iko wapi.

"Inakuja," alisema Belyse. "Bado haijafika."

"Jury haitoi alama kwa kitu kinachokuja, mademoiselle."

Nilisimama nikasema ukweli, kwamba programu haina kosa, kwamba mashine ilifunikwa kwa kitenge nyumbani kwangu. Walicheka. Mmoja alivua miwani akafuta machozi ya kicheko. Kisha wakamwandika Belyse kikao cha pili, na Kinshasa ikaondoka hivyo hivyo, watu wakiwa bado wanatabasamu. Njiani nilimwomba radhi. Alisema hakuna shida, kwa sauti ya mtu mwenye shida.

Jumatatu asubuhi hesabu ilimalizika. Nilimpigia simu, akaja na viatu vyenye matope ya Nyakabere, akasoma kwenye skrini bila kukaa. Mama alikuwa bado kwenye kigoda, pepeo mkononi, hathubutu kuacha.

"Iko bien?" Mama alimuuliza.

"Iko bien sana, Mama. Imechelewa tu."

Pepeo likasimama. Mama alitazama chini, akakunja na kukunjua upindo wa nguo yake. Moyo uliniuma kwa ajili yao wote wawili.

"Basi muniambie," Mama alisema, "ilikuwa inatafuta nini siku zote hizi."

Nilifungua mdomo. Belyse alikuwa ameshavua viatu na kukaa sakafuni karibu na kigoda.

"Ngozi, Mama. Tulikuwa tunapima ngozi ya kitu kidogo sana, hakuna mutu anaweza kukiona."

"Na iko nene namna gani?"

Belyse akamtajia ile namba, yote, polepole, mpaka tarakimu ya mwisho. Mama akairudia nyuma yake kama mtu anayejifunza sala. Kabla ya jury, kabla ya Kinshasa, yeye ndiye aliyekuwa wa kwanza kuambiwa.