Kidonge cha Fundi Saa

Zeyana alishaanza kugawa vitu vyake. Bangili mbili za dhahabu kampa bintiye Badria. Sinia la shaba alilorithi kwa mamake kalipeleka Matemwe kwa dada yake, kwa kisingizio kwamba jiko lake limekuwa dogo. Jiko lilikuwa lile lile. Aliyepungua ni yeye: kilo arobaini na moja, mwanamke ambaye mwaka juzi akipanda ngazi za nyumba yao ya Kiponda, mbao zilikuwa zikimtangaza mpaka ghorofa ya juu.

Na ugonjwa wake ulikuwa na jina na dawa, hilo ndilo lililomkera. Kongosho lake, kama alivyoelezwa na Daktari Ummy, lilikuwa limeacha kutoa maji ya kusagia chakula. Anachokula kinapita tu, mafuta yanaishia kuelea chooni, mwili haupati kitu. Akapewa vidonge vya ganda, viwili kwa kila mlo, pamoja na tonge la kwanza, maisha yake yote. Mwezi wa kwanza vilimfaa ajabu. Alikula wali wa nazi akashiba, akalala, akaanza kurudisha mashavu. Mwezi wa pili mambo yakarudi kule kule. Daktari akaongeza vidonge vikawa vitatu, kisha vinne, na wapi. Wiki iliyopita alivua miwani, akasema kwamba ikiwa hata vinne havishiki, basi huenda ni saratani, na itabidi wajitayarishe kwa safari ya India.

Zeyana hakujitayarisha kwa India. Alijitayarisha kwa kufa.

Aliyemtunzia dawa alikuwa mumewe Msabah, fundi saa wa Mkunazini, mtu mpole, mwenye vidole vinavyoshika skrubu usiyoiona kwa macho. Dawa ilikuja kwa boti kutoka Dar, naye ndiye aliyekwenda bandarini kuipokea, akakaa nayo dukani, na kila Ijumaa akamletea mkewe kijaluba chenye vidonge vya wiki nzima. Majirani walimsifu mpaka basi. Mume gani siku hizi anajua mkewe ameze nini? Zeyana alijivuna naye, na kwa nini asijivune.

Jumanne moja koo lilimvimba, kidonge hakipiti. Akampigia daktari.

"Fungua ganda, Bi Zeyana," alisema Daktari Ummy. "Ndani mna chembe ndogo ndogo za hudhurungi. Mwagia kwenye ndizi mbivu iliyopondwa, kisha umeze bila ya kutafuna."

Badria aliponda ndizi. Zeyana akashika kidonge, akavuta ganda, na juu ya ndizi ukamwagika unga mweusi.

Aliunusa. Miaka thelathini alikuwa akioka mikate na kuinyunyizia kitu hiki. Angekijua hata usingizini. Akafungua cha pili. Cha tatu. Alifika cha kumi na moja, vyote ni unga ule ule.

"Mama," alisema Badria, "hii si habasoda?"

Zeyana alitikisa kichwa kukubali. Miezi miwili! Miezi miwili alikuwa akimeza kiungo cha mkate, huku akiwaaga watu.

Badria aliinuka, simu mkononi. "Nnalipigia hilo duka la dawa la Dar. Wauaji hawa, wanauza vidonge vya uongo."

Mlango ukafunguliwa. Msabah alikuwa amekuja kula chakula cha mchana. Alitoa salamu, akaiona sahani, akayaona maganda yaliyotawanyika, akakaa kitini. Hakuuliza kuna nini. Kwa kutouliza huko tu, Zeyana akajua.

"Weka simu, mwanangu," alisema Msabah. "Duka halina kosa."

Alitia mkono mfukoni mwa kanzu, akatoa karatasi iliyokunjwa mara nyingi, ile inayokaa ndani ya boksi la dawa. Alikuwa ameisoma mwanzoni mwa ule mwezi wa pili wa dawa, kwa lenzi yake ya kazini. Alimpa Badria, maana yeye neno lile hakuweza kulitamka.

Badria alisoma, akasoma tena. "Imetokana na kongosho la nguruwe," alisema.

Mkono wa Zeyana ulimpanda kinywani wenyewe. Akaikumbuka siku aliyomkuta Msabah jikoni akiosha vijiko vyote kwa udongo, kisha maji, tena maji, hadi mara saba, kama kinavyotoharishwa chombo kilichoguswa na nguruwe, akidai kwamba panya kapita. Kumbe panya ni yeye Zeyana.

"Sikutaka kifo kije kikukute na kitu kile tumboni," alisema Msabah. "Nikakitoa. Nikatia habasoda, nikasema ina kheri, itakusaidia."

"Ukaniona nnakwisha."

"Nikakuona."

"Na bangili nikazigawa mbele yako."

Msabah alilia, bila sauti. Zeyana hakumhurumia hata chembe, nami simlaumu.

"Sheikh Silima yuko mlango wa tatu kutoka dukani kwako," alisema. "Ulimuuliza?"

"Niliona haya. Kukutaja wewe na mnyama yule pahala pamoja."

"Basi nenda kanitaje sasa hivi. Na ukirudi uje na chupa ya dawa ambayo hujaifungua."

Nusu saa ilipita. Msabah aliporudi alikuwa ameishika chupa kwa mikono miwili, imefungwa bado kwa karatasi yake ya kiwandani.

"Kasema nini?"

"Kasema ni dawa, na uhai wako unatangulia. Kasema ningemuuliza siku ile ile, angenijibu hata kabla sijavua viatu."

Zeyana alifungua chupa mwenyewe. Aliyafungua maganda manne mwenyewe juu ya ndizi mpya, zikamwagika chembe za hudhurungi, kama alivyoambiwa. Alimwambia Msabah asigeuze uso.

"Dini yangu ningeipigania mwenyewe," alisema. "Ungenambia tu."

Akapiga bismillahi, akala mpaka sahani ikabaki tupu.

Msabah aliichukua ile sahani na kijiko chake, akenda navyo jikoni. Zeyana alisikia mfereji ukifunguliwa, akajikuta anahesabu. Maji yalipita mara moja, mfereji ukafungwa, sahani ikawekwa kichanjani pamoja na nyengine.

Badria alikuwa ameshazivua bangili. Aliziweka mezani, karibu na mkono wa mama yake.