Kanyaga, Achia

Mimi ni fundi breki, na sina subira na watu wanaokuja gereji kuniambia gari "linalia kidogo tu". Breki hailii kidogo tu. Lakini kwa baba nilikuwa mpole muda wote ule, mpaka mafundi wenzangu wakaanza kunitania kwamba nimeokoka. Baada ya mazishi alikuwa anakuja kila asubuhi, anakaa juu ya tairi kuukuu karibu na benchi langu, na kuniuliza swali lilelile.

"Umeshalifungua gari la Mama?"

Mama ni mdogo wangu, kitinda mimba wetu. Alirithi jina la bibi mzaa baba, kwa hiyo baba hakuwahi kumwita vingine. Alifia kwenye mteremko wa kwenda sokoni, mvua inanyesha. Lori lilikuwa limeharibika katikati ya barabara, akaliingia kwa nyuma. Gari lake walilivuta mpaka kwetu, likawa limefunikwa turubai uani.

Baba ni mwalimu wa udereva. Nusu ya madereva wa mji huu wamepita mikononi mwake, na wote amewafundisha breki kwa wimbo mmoja: kanyaga, achia, kanyaga, achia. Kwa magari aliyokulia nayo alikuwa sahihi kabisa. Ukizing'ang'ania breki zile kwenye maji, magurudumu yanajifunga, gari linateleza kama sabuni na usukani haukusikilizi tena. Kwa hiyo unapampu. Mimi na Mama tulijifunza hivyo, baba anapiga dashibodi kwa kiganja mpaka mguu ukafuata wenyewe.

Gari la Mama lilikuwa na ABS. Hizo ni breki zenye kompyuta: sensa kwenye gurudumu inahisi likitaka kujifunga, na mfumo unakanyaga na kuachia wenyewe, haraka kuliko mguu wa mtu yeyote. Kazi yako ni moja, kukandamiza pedali mpaka chini na kutulia. Pedali itatetemeka na kunguruma chini ya mguu, na watu wengi wanashtuka wakidhani kitu kimekatika. Usishtuke, usitoe mguu. Ukianza kupampu, unaivuruga, na gari linakwenda mbali zaidi kabla ya kusimama. Nilimwambia Mama haya yote siku aliyolinunua, nikarudia, na akanicheka.

"Nimekusikia, dada fundi. Sasa nifundishe na kufungua mlango."

Ukweli ni kwamba gari nilikuwa nimeshalifungua. Nilifanya peke yangu, nikapima mafuta ya breki, pedi, diski, sensa, kompyuta. Breki zilikuwa nzima. Na muuguzi mwenzake wa kazini, aliyekuwa amekaa kando yake na kutoka na mkono uliovunjika, alikuwa ameshanivuta pembeni msibani. Alisema Mama aliliona lori mapema na nafasi ya kusimama ilikuwepo. Akakanyaga, akashtuka, halafu akawa anaipiga ile pedali kama mtu anayejaza baiskeli upepo, midomo inasema kanyaga, achia. Nilimshika mkono wake mzima nikamwomba neno hilo asimwambie mtu.

Sasa niambie wewe, ningemjibu nini mzee yule? Alikuwa amekonda, shati linamning'inia, kufundisha ameacha. Asubuhi moja akaja na swali jipya.

"Au ni mimi? Labda kuna kitu sikumfundisha vizuri."

Swali hilo lilinikata maini. Niliingia stoo, nikachukua sensa iliyokufa kwa kutu, ya gari la mteja mwingine, nikamwekea kiganjani.

"Hii hapa, baba. Ndiyo iliyomponza. Hata ungekuwa wewe kwenye usukani, usingefanya kitu."

Aliigeuzageuza. Akalia palepale juu ya tairi, kilio cha mtu aliyetuliwa mzigo, nami nikalia naye kwa sababu zangu. Siku zilizofuata alianza kula. Akanyoa, akawa anasalimia watu. Nikajiona mjanja, nikajipongeza kabisa.

Kisha akarudi kazini. Hilo sikulifikiria, na mdomo wangu wote huu. Shule yake ilikuwa imeshauza magari yale ya zamani na kuleta mengine, yote yana ABS, na uwanja wao wa mazoezi uko ng'ambo ya ukuta wetu. Nilikuwa nimelala chini ya gari, mvua imetoka kukatika, nikasikia kiganja kinapiga dashibodi. Halafu sauti ya baba, imechangamka kama zamani: kanyaga, achia, kanyaga, achia.

Nilitoka mbio nilivyo, grisi mpaka kwenye viwiko. Kwenye usukani alikuwa fundi cherehani wa mtaani kwetu, mwanamke mwenye watoto wadogo. Mguu wake ulikuwa unafuata vizuri sana. Nilimwomba ashuke kidogo, nikainama dirishani kwa baba.

"Ile sensa haikuwa ya gari la Mama," nikasema. "Nilikudanganya. Breki zake zilikuwa nzima."

Hakuniuliza kwa nini. Alinitazama, kisha akautazama mkono wake pale kwenye dashibodi, akauondoa.

"Alikuwa anaachia," akasema.

"Ndiyo, baba."

Akahamia kwenye usukani. "Panda," akaniambia. Nikapanda. Alikwenda mpaka mwisho wa uwanja, akageuza, akalikimbiza gari kwenye matope mpaka nikashika mlango, halafu akakandamiza. Pedali ikaanza kutetemeka, nikaona goti lake linavyotikisika. Nikaona pia usoni namna alivyotaka kuachia, maisha yake yote yanamvuta mguu juu. Hakuachia. Gari likasimama limenyooka, mbali kabisa na ukuta, na injini ikazimika.

"Ni hivi tu?" akauliza.

"Ni hivi tu, baba."

"Na nafasi ilikuwepo?"

Uongo wa pili sikuwa nao. "Ilikuwepo."

Akaitikia kwa kichwa, machozi yanamwingia kwenye masharubu. Gari lilikuwa limetulia kitambo, fundi cherehani anatutazama kutoka kule ukutani, lakini mguu wa baba ulikuwa bado umeikandamiza pedali mpaka chini, paja zima linatetemeka. Nikamwambia, baba, tumeshasimama, toa mguu. Nikamwambia tena. Hakuutoa.